Ubongo wa Kuku Mweupe

Jumatatu, 6 Juni 1955

...na bado Masanja hakubali. Mimi nasema kuku hana akili. Yeye anasema ubongo mdogo, ule wa nyuma unaoshika mizani ya mwili, kuku anao mzuri tu. Miezi miwili ya ndoa, na mume wangu ananisimulia vichwa vya wanyama nikichambua mchele. Nampenda mno! Mtihani wake wa ubwana mifugo umekaribia. Ubongo wa mbuzi kaupata machinjioni. Wa ndege hana.

Jumatano, 8 Juni

Mama mkwe kafika hapa Ngokolo, katoka kijijini upande wa Kahama. Masanja yuko kazini. Kanipa tetea mweupe. Kiswahili chake cha shida, na mimi mtu wa Tanga, Kisukuma sijui. "Mwanangu, huyu mle vizuri." Nilipiga goti, nikashukuru. Nataka sana anipende. Kaenda kulala kwa dada yake mjini.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemchinja asubuhi. Nyama chunguni, kichwa kwa Masanja. Kanibusu dirisha likiwa wazi!

Kapasua taratibu. Ubongo mdogo wa kuku ni kipande kimoja cha katikati, mikunjo imebanana kama kurasa, na vijisehemu viwili vidogo kando. Wa mbuzi una cha katikati pia, lakini ubavuni umetanuka mabawa mawili. Nilicheka: asiyeruka ndiye mwenye mabawa kichwani! Tulichora pamoja.

Jioni mama karudi na konzi ya mtama. Akaita kuku uani. Mimi nikamletea bakuli la mchuzi.

Kumbe jana alisema mlee, si mle. Nimlee. Ni mbegu ya kuku wa marehemu mama yake, ianze nayo nyumba yetu.

"Shule yote hiyo, mwanangu, kula na kulea hukufundishwa?"

Masanja alicheka. Peke yake.

Ijumaa

Mama kaondoka na basi la asubuhi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Najichukia.

Jumapili, 12 Juni

Mchoro umekamilika. Kila mkunjo upo. Masanja anausifu, mimi siwezi kuutazama.

Ananifundisha kuomba radhi kwa Kisukuma. Nakosea, ananirudisha mwanzo, hatucheki. Kuku mwingine sipeleki. Nitamlipaje mbegu ya mama yake? Nitakwenda mwenyewe, nikae naye, nimsikilize mpaka nimwelewe.

Kabla mwezi huu haujaisha, mama, nitafika kwako.