Nguzo ya Kivuko cha Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, anafahamika kwa jina la utani Rula
Umri: miaka 78
Kazi: mkaguzi wa njia za msitu, mstaafu
Makazi: nyumba ya binti yake, nyuma ya zahanati
Tarehe na saa: 12 Novemba, saa 3:20 asubuhi

Nimekuja kwa hiari yangu. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka na hautafika mbali, kwa hiyo naomba niandikiwe leo. Nikishindwa kuendelea nitapumzika, kisha nitaendelea.

Kwa miaka ishirini na sita nilisimamia njia ya watembezi msituni. Njia hiyo ni ya duara, kilomita kumi na sita, inaanzia na kuishia kwenye lango moja, na inavuka vijito mara saba. Hakuna madaraja. Katika kila kivuko kuna nguzo ya chuma yenye mistari ya rangi. Maji yakifika mstari mwekundu, havuki mtu.

Mnamo tarehe 3 Aprili, miaka kumi na tisa iliyopita, mafuriko yalivunja nguzo ya kivuko cha tano. Kipande chake kilibaki ndani ya tundu la mwamba. Nilitakiwa kukichimbua na kusimamisha nguzo mpya palepale. Nilikuwa peke yangu, mvua inanyesha, mikono imekufa ganzi. Hatua mbili kuelekea ukingoni niliona ufa kwenye jiwe lililoinuka zaidi. Nikaisimamisha nguzo mpya humo kwa saruji. Nilijua kwamba nguzo ikikaa juu, mstari mwekundu nao unapanda. Nilijiambia nitarudi kesho na rangi niushushe. Sikurudi. Kwenye ripoti niliandika: kazi imekamilika.

Mnamo tarehe 14 mwezi huohuo, saa 5 asubuhi, muongoza watembezi mmoja alifika hapo na mwalimu wa kike wa shule ya msingi aliyekuwa likizo. Muongozaji huyo tulimwita Kwato, kwa sababu hakuwahi kuteleza kwenye jiwe. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alitazama nguzo, akaona maji yako vidole vinne chini ya mstari mwekundu. Wakaingia. Yule mwalimu alichukuliwa na maji, akafa.

Mimi nilikuwa kwenye banda la mapumziko, karibu na kivuko cha nne. Kwato alipiga kelele za kuomba msaada, kisha akakimbia kufuata mkondo kumtafuta. Nilipofika kivukoni sikumfuata. Nilikata nguzo kwa msumeno wa chuma, nikafunika kisiki chake kwa mawe, na maji yalipopungua nikachimbua lile tundu la zamani, nikaisimamisha humo. Kazi niliyoikwepa kwa uvivu niliimaliza kwa saa tatu kwa hofu. Wachunguzi walipokuja siku ya pili, nguzo ilikuwa mahali pake, na alama ya maji kwenye mwamba ilionyesha yaliupita mstari mwekundu kwa zaidi ya shubiri.

Kwato aliwaambia, "Maji yalikuwa chini ya mstari. Niliona kwa macho yangu."

Mimi niliulizwa polisi, kisha mahakamani, kama nguzo iliwahi kuhamishwa. Nikasema haikuhamishwa. Kwato alifungwa miaka minne kwa uzembe uliosababisha kifo. Dada yangu alinijia nyumbani mara moja tu kuhusu jambo hili. Aliniuliza, "Kaka, hakuna unachokijua?" Nikamwambia hakuna. Dada yangu sasa ni marehemu.

Mwezi uliopita niliamua kusema. Lakini neno la mzee mgonjwa ni neno tu, na jiwe lenyewe hakuna anayelijua ila mimi. Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 1:10 asubuhi, nilifika langoni na binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi. Nilimwambia nataka kuiaga njia. Mkata tiketi alinitazama fimbo, akanitazama miguu.

"Mzee, humu kuna vivuko saba."

"Nilivihesabu kabla hujazaliwa."

"Haya, andika mtu wa kupigiwa simu ukipata tatizo."

Binti yangu akasema, "Andika mimi. Simu italia mfukoni mwangu, nitapokea."

Tulitembea hatua hamsini, tunapumzika. Vivuko viwili vya kwanza nilipita kwa miguu yangu. Cha tatu maji yalifika magotini na binti yangu akanishika mkanda. Alisema, "Baba, turudi, picha nilizokupiga zinatosha kuiaga njia." Nilimwambia sirudi. Siku hiyo tulilala bandani.

Tarehe 10, saa 3:40 asubuhi, tulifika kivuko cha tano. Niliondoa mawe mwenyewe, moja moja. Kisiki cha chuma kipo, ndani ya saruji yangu. Nilitoa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wanaotumia mafundi ujenzi kusawazisha misingi, nikalinganisha kitako cha nguzo ya leo na saruji ile. Tofauti ni sentimita thelathini na nne. Nilirudia kupima. Thelathini na nne.

Binti yangu aliuliza ni nini. Nikamweleza yote palepale.

"Shangazi alijua?"

"Hapana."

Aliukunja ule mpira, akanirudishia. Ukishavuka cha tano, kurudi nyuma ni mbali kuliko kuendelea, basi tuliendelea. Kwenye kivuko cha sita aliingia majini kwanza, akageuka, akaninyooshea mkono bila kunitazama. Cha saba vilevile. Tulitoka langoni saa 10:15 jioni.

Jana, tarehe 11, saa 4 asubuhi, nilikwenda kwa Kwato. Tangu atoke gerezani hushona viatu barazani kwake. Aliponiona akacheka.

"Rula! Leo umekuja kupima nini? Kaburi? Lako refu, litatuchosha."

Nikamwambia. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa soli, akakata uzi. Kisha akasema, "Shemeji, mimi mwenyewe nilishaanza kuamini sikuona vizuri. Miaka yote hii nimekuwa nikiyashuku macho yangu."

Nilimwomba msamaha.

"Hilo tutalizungumza. Kwanza nenda ukaseme kulekule ulikodanganya."

Niko tayari kuwapeleka askari kwenye jiwe hilo. Nikishindwa kutembea, nibebwe.

Hayo ndiyo niliyoyatenda. Nimesomewa, ni sahihi, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA OFISA: Nilimuonya shahidi kuwa maneno haya yanaweza kumtia hatiani. Alijibu, "Andika." Nilitaka achukuliwe alama ya dole gumba kwa kuwa alikuwa amechoka, alikataa, akatia sahihi kwa muda wa dakika tatu. Aliomba maelezo yasomwe mbele ya shemeji yake aliyekuwa kwenye benchi la nje. Nilimwita. Alisikiliza akiwa amesimama hadi mwisho, kisha akaomba nirudie mstari wenye vipimo. Niliurudia. Akaomba mara ya tatu, nikamsomea.

Koplo wa zamu, saa 5:05 asubuhi