Mama Zuhura, Nimekunywa Supu ya Mzee Boay

Mama Zuhura,

Shikamoo. Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimeosha vyombo, nimekaa mlangoni kwenye jua kwa sababu ndani kuna baridi. Hilo la supu nimeliweka juu kabisa ili usije ukasema nilikuficha. Ndiyo, ni supu ile ile. Na si kijiko kimoja, ni bakuli zima na nusu ya la pili. Ngoja nikueleze ilivyokuwa kabla hujakasirika.

Ni Zuhura aliyenipeleka. Mwanao.

Unakumbuka alivyokuja likizo ile ya mwisho, akakaa kwenye benchi letu pale chini ya boma, akakwambia anataka kuacha kazi Arusha arudi Mbulu aanzishe matembezi ya kula? Alisema watu watalipa, atawazungusha mjini kwa miguu, atawaonyesha majengo ya zamani na kuwalisha vyakula vya mtaani. Ulikuwa unakunja sambusa. Ulicheka mpaka ukaweka manda chini. "Nani alipe ili aonyeshwe sambusa? Sambusa inajionyesha yenyewe." Mimi pia nilicheka. Zuhura hakucheka. Nilimwona akiinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Kesho yake aliondoka, na miezi minne baadaye ndiyo nikampigia simu ile ya msiba.

Sikuandikii haya kukulaumu. Hukujua, wala mimi sikujua. Ila ujue tu kwamba baada ya arobaini hakurudi Arusha. Alichukua chumba chako, akapaka rangi, akaanza kuzunguka mjini na daftari anauliza watu: ulianza lini kuuza, ulitoka wapi, nani alikufundisha. Wengine walimkimbia, walidhani ametumwa kuwaondoa barabarani. Mama wa viazi alimficha jina lake wiki mbili nzima.

Wiki iliyopita akaja kibandani akaniambia wageni wa kwanza wamepatikana, wanakuja Jumamosi. Nikamwambia nitaandaa sambusa za kutosha. Akasema andaa usiku wa Ijumaa, kaanga mwishoni, lakini asubuhi hiyo hukai jikoni, unatembea na sisi kama mgeni, unakula, halafu unaniambia nilipokosea. Nikamwambia huu mji naujua, nitaonyeshwa nini. Akanijibu kwa ule mdomo wako kabisa, "Dada Pasi, wewe unajua njia ya kwenda kwa mwenye nyama na kurudi."

Miaka kumi na moja tangu nimetoka kwetu Bashay na begi moja ukanipokea, na kweli njia yangu ilikuwa hiyo.

Basi jana saa tatu asubuhi nilisimama mbele ya boma nimevaa gauni la kanisani, naona aibu kama bibi harusi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Wageni walikuwa sita. Mwalimu Theresia, mstaafu kutoka Babati, na mume wake mpole ambaye siku nzima alisema labda maneno kumi. Vijana watatu wa ofisi moja huko Arusha, simu mkononi muda wote. Na msichana wa Kizungu anayejifunza Kiswahili, ambaye kila aliyekutana naye alimwambia shikamoo, mpaka mtoto wa chekechea. Yule mtoto aliitikia marahaba bila wasiwasi.

Mama, ungemwona Zuhura. Alivaa sweta lako la bluu, akasimama kwenye ngazi akaanza kusimulia habari za boma, Wajerumani walivyolijenga, na mawe yale walivyobebeshwa watu wa huku huku. Nimepita chini ya ukuta ule na ndoo kichwani maelfu ya mara, sijawahi kujiuliza nani aliyabeba mawe. Mwalimu Theresia aliuliza maswali magumu, Zuhura akajibu, na asilolijua akasema hili silijui, nitauliza. Nikajikuta natembea kifua mbele kama mimi ndiye niliyemsomesha.

Tulianza na kahawa na kashata karibu na msikiti. Tukapita kwenye yale maduka ya zamani yenye nguzo na milango ya mbao, akatuonyesha lile ulilofikia siku ya kwanza ulipokuja kutoka Kondoa juu ya lori la vitunguu, bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Hukuwahi kuniambia kwamba ulilia kwa baridi, ukamwambia mume wako akurudishe. Zuhura alisema ulikubali kubaki baada ya kupewa makoti mawili, lako na lake. Vijana wa Arusha walicheka. Mimi nilitazama pembeni kidogo, halafu na mimi nikacheka.

Kisha tukala viazi vitamu na maziwa mgando. Yale maziwa analeta mama mmoja wa Dirma, ana kibuyu anakifukiza moshi, na ukimeza unausikia moshi baadaye kabisa, wakati umeshasahau. Mume wa mwalimu alikunywa vikombe vitatu. Hapo ndipo alipotumia maneno yake manne ya kwanza: "Hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu." Halafu mahindi ya kuchoma, tunakula huku tunatembea. Mama, mimi sijawahi kula huku natembea tangu nimekuwa mtu mzima. Kumbe mtu unaona vingi. Niliona paa la soko lina njiwa. Niliona binti wa vitunguu saumu ni wa kwetu Bashay, mjukuu wa jirani, nimekuwa nikinunua kwake mwaka mzima bila kumtazama usoni. Jana nilimtazama na tukasalimiana kwa Kiiraqw, akanipa kitunguu kimoja bure.

Basi. Tulipofika duka la nafaka Zuhura akakata kushoto, na miguu yangu ikajua kabla ya kichwa.

Unajua mwenyewe ni hatua ngapi kutoka benchi letu mpaka kwa Mzee Boay. Labda thelathini. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kwako siku ile alipokuja kununua sambusa, akaiuma mbele ya wateja, akasema amepata kitunguu tu, nyama labda imebaki kwa mbuzi. Na wewe ukamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka stendi kwamba afadhali kitunguu kuliko kuuza maji aliyooga mbuzi. Tangu siku hiyo hamkusalimiana, na mimi ulinikataza kupita upande wake. Nimezunguka nyuma ya duka la nafaka miaka kumi na moja, Mama, mvua na jua, nikinusa supu ile kila asubuhi na njaa yangu. Sasa naweza kukwambia: ilikuwa inanukia vizuri sana.

Wageni waliingia wakakaa kwenye mabenchi. Mimi nilibaki nje, nikajifanya naangalia kiatu changu. Zuhura akatoka.

"Dada Pasi, ingia. Mama ameshakufa."

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Angekuwa hai ningemwomba ruhusa."

Alinitazama, macho yakamjaa maji, nikajuta. Alirudi ndani kwa wageni wake, maana ndiyo kazi, na nikasikia sauti yake ikianza vizuri, ikakwama, ikaanza tena. Nilisimama pale nikajiona mjinga. Nilikuwa nakutetea wewe, lakini aliyekuwa anaumia ni mwanao, siku yake ya kwanza, mbele ya watu.

Aliyenitoa pale ni Mzee Boay mwenyewe. Alikuja mlangoni na bakuli, anatembea polepole kwa sababu ya lile goti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamkia, na nina aibu kulisema hilo, mzee wa umri ule. Hakunipa bakuli. Aliliweka kwenye meza ya nje, akageuka kuwaelekea wageni na kuzungumza, lakini nilijua anazungumza na mimi.

Aliwaambia kwamba palikuwa na mama mmoja jirani yake aliyewahi kusema supu yake ni maji ya kuogea mbuzi. Alikasirika wiki nzima. Wiki ya pili akaionja mwenyewe kwa makini, akaona yule mama hajakosea sana. Akaongeza mifupa, akaanza kuibandika mapema zaidi, akaongeza vitunguu saumu vya Bashay. Wateja wakaongezeka. "Nilitaka kwenda kumshukuru," alisema, "lakini nilikuwa bado nimekasirika. Halafu mwaka ukapita, na miaka mingine, nikawa sijui naanzia wapi."

Wageni walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikumbuka jambo. Wiki ile ile ya ugomvi ulinituma kwa mwenye nyama, ukaniambia kuanzia leo nyama mara mbili, kitunguu nusu, na usiniulize. Sikukuuliza. Nilidhani umepata wateja wakubwa.

Mama! Mlikuwa mnasikilizana muda wote.

Kisha akasema la Ramadhani. Unakumbuka kila mwezi wa Ramadhani alivyokuwa anahamisha jiko lake upande wa pili, wewe ukasema tazama, anatupa mgongo hata mwezi mtukufu? Ni upepo. Alikuwa anahamisha ili harufu isije kwako ukiwa umefunga. Alilisema kama kitu kidogo, huku anafuta meza. Zuhura hakuwa nalo hilo kwenye daftari. Nilimwona ameshika kalamu, haandiki.

Nikakaa pale pale nje nikanywa ile supu. Ilikuwa ya moto, yenye limao na pilipili, nyama inaachia mfupa bila kuvutwa. Mzee akaniletea jingine bila kuulizwa, nusu nikammiminia yule msichana wa Kizungu ambaye alikuwa amemaliza lake na alikuwa analitazama langu. Akaniambia shikamoo. Nikaitikia.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwetu. Nilitangulia kuwasha jiko, nikafunga kanga juu ya gauni la kanisani, karai likapata moto. Nikainua macho naona wageni wanakuja, wanane. Nikahesabu tena. Zuhura wa mbele, na nyuma kabisa Mzee Boay na goti lake, ameacha sufuria yake kwa mkewe, anavuka zile hatua thelathini.

Nilimpa sambusa ya kwanza. Hata Mwalimu Theresia alielewa, akasubiri. Mzee aliikata katikati akaifungua, akaitazama ndani, muda mrefu, kama mtu anasoma barua ya serikali. Akala nusu. Akachovya nusu ya pili kwenye chachandu akaimaliza. Simu za vijana zote juu.

"Kitunguu kimepungua," akasema.

Nikamwambia kimepungua miaka kumi na moja iliyopita. Alikaa kwenye benchi letu, mahali pako kabisa, na akacheka mpaka akaanza kukohoa, ikabidi Zuhura amletee maji. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sambusa mbili zikaungua. Umenisikia? Zikaungua, na hakuna aliyenigombeza. Hapo ndipo nilipokukosa kuliko siku zote, ila haikuwa kwa uchungu ule wa mwanzo. Nilikukosa kama mtu anavyomkosa aliyetoka kidogo katikati ya mazungumzo matamu.

Mwalimu Theresia alipoaga alimshika Zuhura mikono yote miwili, akamwambia amefundisha miaka thelathini na hajawahi kuona somo linalolika. Mwalimu atarudi na dada zake mwezi ujao. Vijana wameomba matembezi kama haya na Katesh, na Zuhura ameshaanza kuniuliza namjua nani huko anayechoma nyama vizuri.

Walipoondoka wote tulibaki yeye na mimi tunasugua karai. Akaniuliza alikosea wapi. Nikamwambia kwenye mahindi alikimbia sana, mume wa mwalimu aliachwa nyuma. Akaandika. Akaniuliza, kama wewe, Mama, ungekuwa umetembea nasi, ungesemaje. Nilifikiri vizuri, sikutaka kumdanganya kwa sababu ya huruma. Nikamwambia ungelalamika miguu, ungemrekebisha habari ya lile lori, ungesema makoti yalikuwa matatu. Halafu kesho yake ungemsimulia kila mteja kwamba mwanao anaujua mji huu kuliko waliozaliwa humu. Alicheka. Akakaa chini, akaegemea ukuta wa boma, na hapo ndipo nikagundua kitu. Tangu asubuhi, katika vituo vyote, mtoto huyu hakuwa ameweka chochote mdomoni. Aliwalisha watu saa tatu nzima, yeye hakula. Midomo ilikuwa mikavu.

Basi Mama, kwa kuwa jua limeanza kuhama hapa mlangoni, nimalizie. Lala kwa amani huko ulikolala, usiwe na mashaka na mzee, nitamwamkia kila asubuhi kwa niaba yetu wote wawili, na nitapita njia ya mbele. Na hili nakuahidi mbele za Mungu wako na wangu: kila Jumamosi, kabla hajapanda zile ngazi za boma kuanza kusimulia, Zuhura atakuwa ameshakula, amekaa, sahani mbele yake, na mimi nimesimama pale namtazama mpaka imalizike.

Ni mimi,
Pasi wako