Jua Liwe Mgongoni

Jumapili, 2 Machi

Kaka alipiga simu jana. Anataka picha ya Baba, aikuze, aitundike sebuleni kwake. Nikamwambia hilo dogo, kesho nakutafutia.

Dogo! Leo nimeshinda kwa Mama kutwa nzima. Tumepindua makabati, tumekung'uta bahasha, tumetoa albamu zote. Picha zipo tele. Mimi na pengo la jino. Kaka na viatu vipya vya shule. Mama mlangoni, Mama mlangoni, Mama mlangoni — kila mara na mguu mmoja mbele kama askari wa gwaride. Baba hayumo hata katika moja. Iliyopo ni ile ya kitambulisho cha kazi, ndogo kama ukucha, na muhuri wa Idara ya Maji umempiga kuanzia shavuni hadi jichoni.

Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyesema, Baba, lete hiyo kamera, leo kaa wewe?

Halafu la pili. Msimamizi wa mtambo wa maji alikuja mwenyewe, kwa heshima zote, akavua kofia. Mwendeshaji mpya wa pampu, wa kushika nafasi ya Baba, amepatikana, ana watoto wadogo, nyumba hii ya kazi inatakiwa mwisho wa mwezi. Walimwachia Mama tangu msiba wa Baba, mwaka na zaidi, hatuna la kulaumu. Mama atahamia kwangu. Alipoambiwa alisema sawa, akaendelea kukunja mashuka.

Nimeshaamua. Kabla funguo hazijarudishwa nitampiga Mama picha palepale mlangoni. Nzuri, ya kutundikwa. Ya Baba imetupita. Hii isitupite.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa Mama. Nikamsimamisha mlangoni, nikatoa simu, nikanyoosha mikono. Nikavuta karibu, nikarudisha, nikafuta kioo kwa upindo wa blauzi. Mama akaniambia nikishamaliza kusoma meseji zangu nimwite, ana mboga jikoni. Akaingia ndani!

Nikamfuata. Nikamwambia siku hizi picha ndivyo zinavyopigwa. Akasema labda, ila yeye hajui wakati gani anaangaliwa na wakati gani haangaliwi. "Baba yako alikuwa anafumba jicho moja. Nikiliona limefumbwa, najua sasa naangaliwa mimi."

Nikala mboga.

Nimerudi nyumbani na Baba kichwani. Jambo lolote jipya lilipelekwa mlangoni: jino, sare, ripoti ya shule, hata plasta ya mkono wa Kaka uliovunjika. Na ni asubuhi tu, jua likishapanda juu ya tangi la maji. Karatasi iliyokuja na kamera ilisema jua liwe mgongoni mwa mpigaji, na Baba aliishika kama sheria ya nchi. Pampu inanguruma nyuma yake. Anafumba jicho, anahesabu: moja, mbili — kacha! Tatu haikuwahi kufika. Ndiyo maana ukoo mzima tuna sura za watu waliokatizwa maneno.

Halafu kungoja. Filamu haitoki mpaka iishe, na Baba hakuwa mtu wa kuimaliza ovyo. Picha ya pengo langu iliporudi kutoka kusafishwa, jino jipya lilikuwa limeshaota. Nikakataa kwamba ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeibeba kamera ya Baba hadi kazini. Kwenye duka la miwani ninapowapima watu macho, kuna fundi wetu wa kusaga lenzi, mtu wa maneno machache. Kaiweka chini ya taa. Kaguna. Ukungu umeingia katikati ya vioo, umetambaa kama mizizi, na kitufe kimeganda kabisa. Akaniambia taratibu, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa, kwamba hii imefika mwisho.

Nikasema haya. Nikaenda stoo, nikalia kidogo, nikarudi. Mteja aliyefuata alidhani nimejitia dawa ya matone. Nikamwachia aamini hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Duka la kamera! Sijawahi kujiona mshamba kiasi kile.

Muuzaji nimembatiza Bwana Pikseli. Anazitaja kama mtu anayesifia watoto wake. Hii ina pikseli kadhaa, hii inazo zaidi, hii lenzi zinabadilishwa, hii unaweza kuzama nayo majini. Nikamuuliza nizame kufanya nini. Hakucheka. Akanishikisha moja nzito kama tofali, kisha nyingine, akawa ananiuliza: ipi bora, ya kwanza au ya pili? Ya pili au ya tatu?

Maneno yangu yaleyale! Kutwa nawaambia watu hivyo kwenye kiti cha kupimia, wananitolea macho, na mimi moyoni nasema jamani, si mseme tu. Leo nimeonja. Zote zilikuwa sawa. Nikatamani kuangua kilio au kukimbia.

Mwisho akaniuliza ninataka kupiga nini hasa. Nikamjibu: picha. Akanitazama juu ya miwani yake (kishikio cha sikio la kushoto kimepinda, imemkalia upande kama kofia ya mlevi). Akasema nikishajua nirudi.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi. Nimepiga moyo konde, nikamwambia kabla hajaanza pikseli zake: mlango mmoja na mama mmoja. Asubuhi. Na lazima niweze kufumba jicho moja, la sivyo mama mwenyewe hakubali.

Basi mtu akabadilika! Akazikusanya zile kubwa zote akazirudisha kabatini. Akasema nyingi za siku hizi ni kioo tu cha nyuma, unaipiga ukiwa umeishika mbali kama nepi yenye uchafu. Akaingia ndani, akatoka na moja ndogo, nyeusi, iliyokwisha kutumika, kona moja imechubuka. Ina kidirisha cha kuchungulia. Lenzi ni moja tu, haivuti wala hairudishi. Nikamuuliza nikitaka kitu kiwe karibu je? Akasema, "Unatembea, dada."

Nikaiweka jichoni. Nikafumba la pili. Dunia yote ikanywea ikawa kidirisha, na ndani yake Bwana Pikseli na miwani yake iliyopinda. Nimeichukua. Na miwani nimemnyooshea hapohapo juu ya kaunta, akaniambia kumbe duka lake lina taa nyingi hivi!

Binti yangu kaiona, kasema hiyo kamera ina umri mkubwa kuliko yeye. Nikamwambia hata mimi, na bado nafanya kazi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepiga tangi. Nimepiga paka wa jirani, mgongo wake tu, hakungoja. Nimepiga mlango mtupu asubuhi, jua mgongoni, kama ile karatasi ya Baba. Nikazipeleka kwa Bwana Pikseli nikiwa nimevimba kichwa.

Akaitazama ile ya mlango, akaweka kidole chini. Huyu ni nani?

Kichwa cheusi! Changu. Kimelala kwenye sakafu ya mbele ya mlango na viwiko viwili nje, kama masikio ya sufuria. Akasema ni kosa la kwanza la kila anayejifunza: jua mgongoni, kivuli kinakutangulia, kinaingia kwenye picha kabla hakijaalikwa. Dawa yake ni kusogea pembeni kidogo. Nimeandika ukutani jikoni: PEMBENI.

Jumapili, 16 Machi

Nimeharibu.

Nilikuwa kwa Mama nafunua albamu, nione Baba alikuwa anasimama wapi. Nikamwona! Chini ya picha ya pengo langu — kichwa na viwiko viwili. Chini ya viatu vya Kaka — kichwa na viwiko viwili. Ya plasta, ya sare, za Mama zote, hakuna iliyosalimika. Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia Mama, Baba miaka yote hii alikuwa mwanafunzi! Kosa la kwanza kabisa, na hakuna aliyemwambia!

Mama hakucheka. Akaichukua albamu mapajani mwangu, akaifunga, akaipeleka chumbani kwake. Alipotoka akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Nikauliza, Jumapili ijayo tupige? Akasema nipige mlango. Yeye wa nini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempa mteja miwani ya mtu mwingine. Kasema anaona vizuri ajabu. Ilibidi nimkimbilie barabarani.

Sikumdharau Baba. Nilifurahi kumwona, ndiyo maana nilicheka. Hilo sikulisema.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefunga vyombo. Mama hapaki, anaaga. Kila sufuria inageuzwa, inatazamwa, ndipo inaingia boksini. Mlango kajizuia kabisa kuutazama. Anapita kana kwamba hapana kitu pale.

Ukuta wa sebule una mistari ya penseli, urefu wetu mimi na Kaka. Nikaupiga, nikiwa pembeni, imetoka safi. Mama akaja akaitazama kwenye kioo cha kamera. Akasema nzuri. Nikapata nguvu, nikasema basi na wewe, Mama, moja tu, kwa ajili ya Kaka. Ng'o! Akasema anayempiga yeye picha keshaondoka, tumwache apumzike.

Nimeendesha gari hadi nyumbani nikiongea peke yangu. Wiki imebaki moja. Nitakuwa na kamera nzuri, na jicho la kufumba, na picha ya mlango mtupu. Nikamkumbuka Baba usiku mmoja umeme ulipokatika, akituonyesha ukutani sungura wa vidole kwa mshumaa. Mama alikuwa anasema mbona sungura ana tumbo kama lako. Wale watu walikuwa wanachekeshana sana. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili, 30 Machi

Naandika nimesimama. Daftari nimeliegemeza kwenye kiganja, kamera shingoni. Nimekatazwa kusogea.

Lori lilifika mapema. Kitanda kimepakiwa, kabati limepakiwa, dereva anakunywa maji bombani. Mimi nilikuwa nafunga magodoro kamba, nikageuka — Mama yuko mlangoni. Gauni la bluu, viatu vya kutokea, uso umepakwa mafuta. Amesimama wima. Nilikwenda kwenye gari kuchukua kamera kama mwizi, nikiogopa nikikimbia atabadili mawazo.

Nikajiweka pembeni, kama nilivyofundishwa. Mama akatikisa kichwa. Si hapo. Pale, juu ya mfuniko wa chemba ya maji, ndipo Baba yako alipokuwa anasimama.

Nikasema Mama, hapo kivuli changu kitaingia.

"Nakijua."

Nikapanda juu ya mfuniko. Jua likanikaa mgongoni, lile lile la juu ya tangi. Pampu inanguruma. Kichwa changu kikalala sakafuni mbele yake na viwiko viwili nje. Mama akakitazama. Akasema picha ya kwanza kabisa, Kaka yako hajazaliwa, ilipotoka kusafishwa nilimwambia: kivuli chako kimeingia. Baba yako akasema, "Kiache. Mimi nitaonekana wapi?"

Kisha akatoa mguu mmoja mbele.

Jamani. Ule mguu! Ule wa gwaride, tuliomcheka mimi na Kaka tangu utotoni. Alikuwa anamgusa. Kila picha, ncha ya kiatu chake juu ya kichwa cha Baba. Na Kaka anataka picha ya Baba, na mimi nimempindulia Mama makabati yote kumtafuta!

Sikuona vizuri kwenye kidirisha. Nikafuta jicho, nikalifumba lingine, nikaanza, moja — Mama akaninyamazisha. Anatazama chini. Mguu wake umenyooka wote, na kivuli changu kimeishia pale, hakijafika. Akasema, "Baba yako alikuwa mrefu. Njoo mbele kidogo."

Nikamwambia nikija mbele mlango hautaenea, hii kamera haivuti wala hairudishi.

"Mlango tunauacha, mwanangu. Njoo."

Nikashuka kwenye mfuniko, nikapiga hatua. Kivuli kikaenda. Kikakaribia kiatu — na wingu likaja! Likafuta kila kitu, mimi, viwiko, vyote. Sakafu tupu. Dereva akapiga honi. Mama akamwambia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba kwamba lori halina mbio kuliko jua, angoje. Akaniambia na mimi nisisogee nilipo.

Basi nimesimama. Kitufe kiko tayari. Dereva amezima injini. Wingu si kubwa, lina ukingo mweupe upande wa tangi. Mguu wa Mama bado uko mbele.