Maoni Thelathini na Saba

S.L.P. 418,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, hata kama kuona tu mwandiko wangu juu ya bahasha kumekufanya utafute pa kukaa. Kifua chako je? Nakumbuka vumbi la mawe lilivyokuwa likikukohoza, na sijui kama huko kambini wanawapa vitambaa vya kufunga puani au wamewaachia Mungu. Mgongo nao? Unakula vizuri? Haya ni maswali ya miaka mitatu na nayaleta yote kwa mkupuo, kwa hiyo univumilie.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako sukari yake imetulia, na bado anakoroma kama hizo mashine zenu za kuchimbia visima. Mimi nipo palepale, chumba cha kufulia cha hoteli, mwaka wa kumi na tisa, pasi mkononi. Nyumba ya mama niliifagia mwezi uliopita. Paa halivuji.

Basi, salamu nimezimaliza kama tulivyofundishwa. Nimepigwa na butwaa tangu Jumatano, na hadi leo akili haijanirudia sawasawa. Nimeichana barua hii mara nne. Hii ya tano itakwenda hata ikiwa na madoa.

Blogu yangu unaijua. Nilidhani huisomi, kumbe unaijua kuliko mtu yeyote, na huko ndiko ninakoelekea. Unakumbuka nilivyoanza, mwaka mmoja kabla mama hajatutoka: wakati wa mapumziko naegemea rafu ya foronya, naandika kwa kidole kimoja neno la Mungu na jambo moja la kazini. Kola isiyonyooka, shuka lililoingia kutu, mambo hayo. Watu wakaanza kuniita Dada wa Pasi. Wakawa mia, wakawa elfu. Leo ni elfu kumi na moja, wengine wako nchi ambazo sijui hata saa zao.

Na wewe unajua, kama ninavyojua mimi, ni andiko gani lililowaleta. "Kiti cha Mdogo Wangu." Lile la mazishi ya mama, kwamba nilikuwekea kiti mstari wa mbele Alhamisi ile na hukuja. Kwamba ulikuja siku mbili baadaye, na nikaandika, Mungu anisamehe, "kama mgeni anayefuata masalia." Kisha nikamalizia kwamba nimekusamehe, na mlango wangu uko wazi. Lilisomwa makanisani. Mama mmoja aliniandikia kwamba amelisoma, akapanda gari usiku uleule kwenda kupatana na dada yake.

Sasa nikueleze Jumatano. Tulikutana waandishi wa blogu za Kikristo, watu tisa, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa wenye viti vya plastiki. Kuna mkutano mkubwa Jumamosi ijayo, na kuna kitabu cha shuhuda kinachochapishwa, na cha kwanza ndani ya kitabu ni hicho kiti chako. Mimi ndiye wa kukisoma mbele ya watu. Nilikuwa nimeshashona na gauni.

Karibu yangu alikaa mkunga mmoja anayeandika sala za wajawazito. Mjuzi wa mambo ya simu kweli. Akachukua simu yangu anisaidie kupanga picha, akaguna.

"Dada, mbona kisanduku chako cha taka kimefurika hivi? Wewe hufagii?"

Nikamwambia sikujua hata kama kuna kisanduku. Akacheka, akanifungulia. Humo mashine inatupa maoni inayoyaona hayafai, na kweli yalikuwa uchafu mtupu: dawa za kuotesha nywele, bahati nasibu, wanaume wanaotafuta wachumba. Nikawa nafuta huku nacheka. Kisha nikaliona jina lako. Nikateremsha kidole, jina lako tena. Chini, tena. Mara thelathini na saba.

Mkunga alinikamata mkono akipima mapigo, alidhani presha imepanda. Ukumbi wote ulinigeukia. Sikuweza kusema kitu, na wewe unajua mimi nikishindwa kusema basi dunia imefika mwisho.

Halafu nikakumbuka. Siku ileile nilipochapisha "Kiti," jioni yake, jina lako lilitokea kwenye simu yangu; bila shaka uliazima kompyuta ya kambini. Sikusoma hata neno moja. Nilibonyeza "taka," nikaenda kuoga. Nilifanya hivyo mimi, kwa kidole changu, na tangu siku hiyo mashine ikawa inanitii: kila ulichoandika ikakipokea na kukitupa. Nimewatangazia watu elfu kumi na moja kwamba mlango uko wazi, na kumbe nilikuwa nimeupiga kufuli na kusahau nilikoweka ufunguo.

Nilisoma yote usiku mmoja, la kwanza hadi la mwisho. Hilo la kwanza nimelikariri bila kupenda. "Dada, nilikuja Jumamosi kwa sababu uliniambia Jumamosi. Ujumbe wako bado ninao. Nilisafiri siku mbili, nikafika saa nne asubuhi, nikakuta udongo."

Sikuamini. Nakwambia ukweli, sikuamini hata hapo. Nilisema moyoni, huyu anajitetea. Alfajiri nikatoa ile simu yangu ya zamani kwenye droo ya vitambaa, nikaichaji, ikawaka kwa taabu. Ujumbe upo. "Mama ametutoka. Mazishi Jumamosi saa saba. Usikose." Nimeutuma mimi.

Kisha nikakumbuka friji ya chumba cha maiti, ile iliyoharibika, wakatuambia tusingoje. Tukasogeza mazishi yawe Alhamisi. Taarifa nilituma mara moja tu, kwenye kundi la simu la familia, huku mkono wa pili napiga pasi kitambaa cha kumfunika mama. Nimeyahesabu majina ya kundi lile. Kumi na manne. Lako halimo, maana wakati huo ulikuwa na kile kisimu chako cha vitufe kisichojua kundi wala picha. Sikukwambia, mdogo wangu. Hakuna aliyekwambia.

Ijumaa hiyo niliunguza koti la mpishi mkuu. Miaka kumi na tisa sijawahi kuunguza hata leso, na nikaiacha pasi juu ya koti jeupe mpaka moshi ukajaa chumba. Msimamizi alikuja mbio, akaliinua, alama ya pasi imekaa katikati ya mgongo.

"Dada wa Pasi!" akasema. "Leo hii wewe?"

Nikaanza kulia mbele ya mashuka yote. Akanipa ruhusa niende, akidhani nimefiwa upya.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda makaburini, kumtafuta mlinzi wa pale, yule mwenye kofia ya sufu. Nilimuuliza kama anakumbuka mtu aliyekuja peke yake, Jumamosi, miaka mitatu iliyopita. Nilitaka aseme hakumbuki.

"Yule mwenye kidumu cha maji?" akasema. "Namkumbuka sana. Aliniuliza, 'Watu wako wapi?' Nikamwambia, 'Watu gani tena, ndugu yangu? Huyu alilazwa tangu juzi.' Akakaa chini palepale na begi lake mgongoni."

"Maji ya nini?"

"Alisema ya kisima chake cha kwanza, alimwahidi mama yake kumwonjesha. Mimi nilikuwa na kiu, jua lile! Akanipa. Tukanywa wote wawili. Kisha akaniuliza kama mliimba wimbo wa mama yenu. Nikasema mimi sijui, nilikuwa upande wa pili na koleo langu. Basi akauimba mwenyewe. Sauti mbaya, lakini aliumaliza."

Hatukuuimba, mdogo wangu. Tuliharakisha. Aliyemwimbia mama wimbo wake ni wewe peke yako, na mimi nikaenda kuandika kuhusu kiti.

Mama aliyebeba ndoo kichwani maisha yake yote, ukamletea maji ya kisima chako, na hayo ndiyo niliyoyaita kufuata masalia. Nikilifikiria neno hilo naona aibu mpaka shingoni. Wanasema mkubwa ni jalala, kila kitu hutupwa kwake naye hunyamaza. Kwetu sisi mdogo ndiye aliyetupiwa, na ndiye aliyenyamaza.

Hayo mengine thelathini na sita yameniumiza kuliko la kwanza, kwa sababu hukunitukana hata mara moja. Nilipoandika kuhusu wanga wa kola ukasema, "Mama alikuwa anatia kidogo tu, Dada, wewe unapika uji." Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia. Niliponukuu aya nikaitaja sura isiyo yake, ulinisahihisha kwa adabu. Shemeji yako alipolazwa ulituma sala ndefu. Na pale ulipoandika, "Najua unasoma, na si lazima ujibu." Nilikuwa sisomi! Ulikuwa unaongea na pipa la taka, nawe ukaniombea kutoka humo.

Jana nilimpigia katibu wa mkutano, nikamwambia akitoe "Kiti" kitabuni, na sababu nikamweleza. Akaanza kunibembeleza.

"Lakini dada, hilo ndilo limeponya watu. Fundisho si bado ni kweli? Tubadilishe mstari mmoja, huyo ndugu tumwite rafiki, nani atajua?"

Nisikudanganye. Nilikaa na simu sikioni kama dakika mbili nikilipima hilo. Nilimfikiria yule mama aliyepatana na dada yake. Nililifikiria na gauni. Mtu akizoea kuitwa mtumishi, mdogo wangu, anaogopa sana kuitwa mkosaji. Kisha nikamwambia kwamba atakayejua ni mmoja, na huyo mmoja amesoma kila nilichoandika. Akasema kurasa zimeshapangwa. Nikamwambia aache kurasa hizo tupu. Amekasirika, na nadhani Jumamosi atamsimamisha mkunga badala yangu. Mkunga anaandika vizuri, wala sina kinyongo.

Andiko nimeliondoa kwenye blogu. Watu wanauliza limekwenda wapi na bado sijawajibu. Kidole kilikuwa kinanikimbilia kuandika ungamo kubwa, la machozi, na najua lingesomwa kuliko "Kiti" chenyewe. Nikakishika. Mara ya kwanza nilikuandika bila kukuuliza, sitarudia. Maoni yako thelathini na saba nimeyatoa kwenye taka, ila sijayaonyesha mtu. Ukitaka yasomwe, yatasomwa. Ukitaka niseme ukweli mbele ya wale wote niliowaambia uongo, nitausema kwa maneno utakayoridhia wewe. Ukisema ninyamaze na nifunge blogu, nitafunga.

Namba yako ya zamani, ambayo nayo nilikuwa nimeifungia, nimeifungulia na kuipiga. Haipatikani. Ndiyo maana naandika kwa kalamu, kwa sanduku la posta la kampuni yenu uliloniachia kwenye neno lako la mwisho, miezi minane iliyopita, uliposema hutaandika tena usije ukanichosha. Sijui kama bado upo hapo. Sijui kama utaifungua. Ukiitupa bila kuisoma sitakuwa na la kusema, maana ni mimi niliyekufundisha.

Nisamehe, mdogo wangu. Sina aya ya kuambatanisha.

Shangazi anakusalimu sana, amelia nilipomsimulia. Shemeji yako anakusalimu, anasema kwenye drafti hajapata mtu wa kumfunga tangu uondoke. Mlinzi wa makaburi naye anakusalimu, anasema yale maji yalikuwa matamu. Nisalimie karani atakayekupa bahasha hii. Mungu aliyekuonyesha maji chini ya mwamba akulinde kifua, mgongo na njia zako zote, na akupe moyo mpana kuliko niliokuonyesha mimi.

Jambo moja la mwisho. Jumapili ile baada ya mazishi ulinipigia simu. Nilisema dakika nne bila kupumua, na katikati ya maneno yangu ulisema mara tatu, "Dada, lakini..." Kila mara nikakukata, kisha nikakata na simu.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya mama, simu iko pajani, na nimenyamaza. Malizia.

Dada yako akupendaye, ambaye leo anaandikia msomaji mmoja tu.