Kiatu cha Kukulia Ndani

Butembo, Jumapili baada ya misa

Yaya Veronika, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti, na wewe najua unasoma huku unajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imefika, au aliyebeba aliamua kujichua mwenyewe? Na paa la jikoni, shemeji ameshalipanda, au bado anasema atapanda mvua ikiisha? Sisi huku ni wazima. Plamedi hakohoi tena. Najua tangu mstari wa kwanza macho yako yalikuwa yanatafuta jina la mtoto, basi ndilo hilo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu binti yangu anakaa ubavuni pangu mpaka mwisho, na haya ninayotaka kukuambia hayasemwi mbele yake. Barua anakuletea Kakule, dereva wa lori anayepitia Beni na Eringeti kuja huko Kisangani. Ni mtu wa polepole, donc basi, usimkaripie ikichelewa.

Butembo ni ileile. Mvua inanyesha mchana, ukungu unakaa asubuhi, na udongo unanata vibaya. Ukivuka barabara unafika ng'ambo umekuwa mrefu kidogo. Kazi ya kupima viwanja inaendelea. Kuna ndugu wawili huko mlimani wananiita kila mara nipime mpaka uleule, kila mmoja akiamini kwamba safari hii kamba itapendelea upande wake. Napima, natoka, wanabaki wanagombana. Nimezoea.

Sasa nije kwenye viatu.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulimvisha Plamedi viatu vyeupe vya turubai, vipya. Ukamwambia mbele yangu: unaenda kwa baba yako mwaka mmoja, akishindwa unarudi kwangu. Sikukataa. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake afariki, na mimi nilikuwa mtu wa kuja likizo na kuondoka. Niliona ni haki yako kuweka sharti.

Viatu hivyo vyeupe, Yaya, vilimaliza wiki moja tu hapa. Baada ya hapo vikawa na rangi ya tofali. Lakini mtoto hakukubali. Kila jioni anavisugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya meno, anavianika juu ya jiko la makaa, asubuhi anavivaa tena, na saa sita anarudi navyo vimekuwa tofali. Unamjua. Sketi ya shule anailaza chini ya godoro ili mikunjo ikae sawa, soksi anazikunja mara mbili, kisha anajitazama kwenye dirisha la jirani kwa sababu kioo chetu ni kidogo. Hapa uani wanamwita Madame Kisangani, naye anaitika.

Shule yake ni ya masista, na sista mkuu husimama getini asubuhi. Anatazama miguu kwanza, uso baadaye. Akamrudisha Plamedi nyumbani na maneno mafupi: kiatu cheusi, cha kufungwa, chenye soli ya kuhimili matope. Nikaona sista ana haki. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuihurumia dawa ya meno.

Mimi sijawahi kumnunulia mtoto kiatu. Nikamuuliza mwenzangu wa ofisini, Kambale, mzaliwa wa hapa, mtu ambaye hanunui kitu mpaka amekipinda na kukivuta. Tukaenda pamoja mjini, kwenye maduka ya jumla.

"Chef," akaniambia njiani, "biatu ya mutoto haipimake na muguu ya leo. Inapimaka na muguu ya mwaka yenye inakuya. Unaongeza namba mbili, unatia karatasi kule mbele, mutoto anakomea mule ndani. Sisi bote tulikomea vile." Kukomea, Yaya, ndiko kukua kwao.

Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye sauti, aliposikia mtoto anavaa thelathini na sita akaleta thelathini na nane kabla sijafungua mdomo. Alikipiga kiatu juu ya meza mara kadhaa ili nisikie kinavyolia.

"Sikia, tata. Hii haikufe. Muvua, matope, majiwe, byote inakanyanga. Mutoto yako ataichoka yeye mbele ya yenyewe kuchoka."

Nikanunua. Vyeusi, vizito, soli nene, kamba ndefu. Bei ilikuwa ya kuuma, lakini nilirudi nyumbani nimeridhika sana na nafsi yangu.

Plamedi alikishika kimoja kwa vidole viwili.

"Papa, hii ni ya kuvaa, ao ni ya kuvukia mto Tshopo?"

Watoto wa uani wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, kwa kweli. Nikamwonyesha ninavyokunja karatasi na kuiweka mbele. Alivaa, akatembea mpaka mlangoni, visigino vikipiga sakafu, akarudi na kuvivua. Jioni tulipokula akaniuliza:

"Papa, hii biatu itaisha wakati gani?"

"Haiishi!" nikamjibu, kwa sauti ileile ya mwenye duka. "Miaka mbili unaimaliza nayo, ata tatu."

Akaweka tonge chini, akasema ameshiba. Ilikuwa sombe na samaki, na wewe unajua Plamedi hashibi sombe.

Nilifikiri ni mambo ya urembo. Umri wake ndio huo, miaka kumi na miwili, kila kitu ni aibu. Kesho yake akavaa vyeupe, sista akamrudisha. Nikamkemea. Akavaa vyeusi mpaka kona ya barabara, halafu akavivua, akaingia shuleni na kandambili, sista akamrudisha tena. Nikamwambia kwamba katika nyumba yangu kiatu ni kiatu, na nikamwambia mengine ya namna hiyo ambayo hata mimi sikuyaelewa vizuri. Yeye alikuwa ananitazama tu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Katikati ya ugomvi huo ofisi ikanituma Beni kupima kiwanja cha parokia. Nilimwacha Plamedi kwa jirani yetu, Mama Masika. Beni kuna joto kidogo, na kulikuwa kukavu wiki ile. Nikaona wasichana wanatoka shule na viatu vyeupe, safi kabisa, nikawaza kwamba hapa ndipo mwanangu angepatana na sista. Nilimaliza kazi, nikarudi.

Mama Masika nimewahi kukutajia. Alikimbia vita huko Eringeti na watoto watatu, sasa anakaanga mikate hapa uani na kuiuza asubuhi. Ni mtu wa maneno machache, lakini nilipoenda kumchukua mtoto alinivutia kiti.

"Papa Plamedi," akasema, "weye unapimaka mashamba ya batu, lakini muguu ya mutoto yako ilikushinda."

Nikamwambia ndiyo, nimeshasikia, kiatu ni kibaya, hakina mtindo.

"Hapana. Ubaya aliisahau zamani. Aliniuliza kama ku Butembo mutu anaweza rudisha biatu ku magasin. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema: Baliniambia mwaka moja, na sasa Papa ananiuziya biatu ya miaka mbili. Donc bote babili balishapatana, na miye habakuniuliza."

Mama Masika aliendelea kugeuza mikate kwenye mafuta.

"Ata siye kule Eringeti tulikuwa tunauza vile banakufundisha. Kubwa, ya kukomea. Niliacha mu sanduku biatu ya batoto bote batatu, mupya, na karatasi ndani. Tulitoka mbio, miguu mutupu. Leo ninauza tu yenye inaenea leo."

Hapa "kuuza" wanasema hata mtu akinunua, Yaya, usishangae. Lakini nilielewa alichosema, na niliumia, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Maana mtoto alikuwa amesoma vizuri. Nilidhani nafuata akili ya Kambale tu, kumbe namba ile niliipenda tangu mama yule alipoileta. Nilitaka Plamedi abaki. Nilitaka sana, na badala ya kumuuliza nikamfungia kamba miguuni.

Wewe pia sikukuuliza. Najua.

Vile viatu nikampa Masika, binti mkubwa wa jirani, ambaye mguu wake ni thelathini na nane ya leo. Vilimwenea palepale, bila karatasi. Mama yake akasema "wasingya", ndiyo asante yao, akanirushia mkate wa moto.

Halafu nikamwita Plamedi, nikamwambia: "Mwaka ni moja, vile tulisema. Ikiisha, utaniambia weye mwenyewe. Sasa twende ku magasin, utachagua. Ya sista ni mbili tu: nyeusi, na ya kufungwa."

"Na namba?"

"Namba ni ya kwako."

Akaenda kujitazama kwenye dirisha la jirani, akachana nywele, tukatoka.

Yaya, sijawahi kuona mtu anafanya kazi namna ile. Alizunguka duka zima mikono nyuma, kama mkaguzi. Vyenye ncha akasema ni vya bamama ba chorale, wale wa kwaya. Vyenye utepe, vya batoto ba maternelle, wale wa chekechea. Kimoja kizuri alikipinda soli, akakirudisha: "Hii muvua moja tu." Nikashangaa, kwa sababu hapo alikuwa amesema kama Kambale. Mwisho akatoa chini kabisa kwenye rafu jozi moja nyeusi ya ngozi, soli nene yenye mifereji, kifungo cha chuma ubavuni, na pembeni uzi mwekundu mwembamba ambao usipoambiwa huuoni.

"Sista atakubali ile uzi?" nikauliza.

"Sista anaangaliaka rangi ya kiatu, Papa. Hapana uzi."

Mama wa duka akaleta thelathini na sita. Mtoto akavaa, akafunga, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Vilikaa vizuri kabisa. Nami nikasema moyoni, basi, mwaka mmoja, ndivyo tulivyopatana, nisifanye uso wa msiba mbele ya watu. Nikaanza kutafuta pesa mfukoni.

Plamedi alikuwa bado anatazama miguu yake. Akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, vile ulivyokuwa unambonyeza wewe.

"Mama, iko trente-sept?"

Mwenye duka akaleta thelathini na saba. Mtoto akavaa, na kisigino kikawa kinatoka kidogo akitembea.

"Itakuwa kubwa," nikasema. Ndiyo, mimi huyohuyo.

"Nitatia karatasi kule mbele." Hakunitazama. Alikuwa anafunga kile kifungo cha chuma. "Muguu inakomeaka, Papa."

Nikalipa. Nikatoka nje nikajifanya naangalia pikipiki, kwa sababu machozi yalinijia na yule mama alikuwa ananitazama.

Ndiyo habari niliyotaka kukupa, Yaya. Uliniuliza mara mbili kwenye simu kama nimeshindwa, na mara zote nikakujibu kuhusu mvua. Jibu langu ni hilo. Thelathini na saba si thelathini na nane, na mimi siongezi hata nusu namba juu yake. Lakini si thelathini na sita pia. Najua itakuuma, na mimi ningekuwa wewe ningeumia. Viatu vyako vyeupe hajavitupa. Amevisugua mara ya mwisho, vimefungwa kwenye mfuko chini ya kitanda, na hataki mtu avishike. Nilipomuuliza ni vya nini akasema ni vya safari ya kukuona likizo kubwa. Sikumwambia kwamba vimeanza kumbana.

Msalimie shemeji na paa lake. Msalimie Mama mdogo Josefina, mwambie pilipili yake bado nakula kwa kijiko. Msalimie kaka mkubwa Albert ng'ambo ya mto, na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijamwona uso. Mama Masika, ambaye hujamjua, naye anakusalimu. Anasema aliyemlea Plamedi alifanya kazi.

Na vile viatu vyeupe vya Noeli ulivyomwahidi, mtumie tu, atafurahi sana. Ila ukifika dukani usichukue ile namba unayoikumbuka. Ongeza moja, Yaya.

Mdogo wako,
Donati