Seli Hazikuvuja

Jumapili, 2 Machi 2014
Darasa la kumi, vipindi viwili. Nimepanga hadubini kumi na nne, nimefuta lenzi, nimeosha vioo. Mwalimu wa baiolojia, Mhindi mpole, kaniachia makala mezani. Anasema nitaipenda, kwa kuwa niliwahi kuwa mtu wa mimea. Sijaisoma. Hapa Al Barsha, Dubai, joto limeshaanza.

Jumatatu, 3 Machi
Nimeisoma. Mara mbili.
Jeni moja, kimeng'enya katika sehemu mbili. Seli ya mmea ikianza kuisoma jeni mwanzoni kabisa, protini inatoka ndefu, na ncha yake ya mbele ndiyo anwani: inaipeleka kwenye kloroplasti. Ikianzia mbele kidogo, inatoka fupi, haina anwani, inabaki kwenye majimaji ya seli. Kimeng'enya kilekile, makazi mawili.
Mwanaidi, mwenzangu wa maabara, aliliona hili miaka sita iliyopita, chuoni Dar es Salaam.

Jumanne, 4 Machi
Niandike wazi, hakuna atakayesoma.
Tulikuwa maabara moja. Nilimtangulia miaka miwili. Tasnifu yangu ilisema kimeng'enya tulichokichunguza kiko kwenye kloroplasti tu. Yeye akakitia alama inayong'aa, akakiona hata nje yake. Nikamwambia profesa seli zake zimevuja, binti hana ustadi wa mikono. Profesa akaniamini. Mwanaidi akanyimwa nafasi ya kuendelea na masomo. Akaondoka bila kuaga.
Baadaye nilirudia jaribio lake, Jumamosi moja asubuhi, maabara tupu. Seli nzima kabisa, hazikuvuja. Mng'ao ndani na nje ya kloroplasti, kama alivyosema. Nikatupa sampuli. Nikanyamaza. Nikapata shahada.
Shahada yenyewe imenifikisha kupanga hadubini za watoto wa shule.
Mwoga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimevunja chupa mbili leo. Akili haipo.
Mwaka mzima najua Mwanaidi yuko Naif, hapahapa Dubai, anafungasha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Mtanzania mwenzetu aliniambia. Treni ya Metro inafika hadi kule. Sikwenda hata mara moja. Nilijiambia sina nafasi. Uongo.
Kesho nakwenda.

Ijumaa, 7 Machi
Sikwenda misa ya Ijumaa, siku ya mapumziko huku. Nimesubiri maduka yafunguliwe baada ya swala.
Nimemkuta kati ya maboksi ya chupa za chai, utepe wa kufungia mkononi. Kanitambua mara moja.
"Kaka Gervas. Umekuja kununua?"
Nikamweleza nikiwa nimesimama. Makala. Uongo wangu kwa profesa. Alikuwa anaendelea kufunga boksi. Nilipofika kwenye ile Jumamosi, mkono ukasimama.
"Uliona?"
"Niliona."
"Mimi miaka yote hii nadhani macho yangu ndiyo mabovu."
Nikasema nisamehe. Mganda mmoja akahimiza, "Yalla dada, mzigo wangu." Akaenda kumhudumia. Nikageuka niondoke. Akaniuliza kwa nyuma, "Hiyo protini fupi, inaanzia wapi hasa?"
Sikukumbuka. Aibu juu ya aibu.
"Niletee hiyo makala," akasema.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwandikia profesa. Ukurasa mmoja, kila kitu, pamoja na jaribio nililolificha. Nimefuta neno "kosa" nikaandika "uongo". Nimetuma kabla sijapata sababu za kungoja.

Jumatano, 12 Machi
Profesa kajibu. Mistari minne. Amestaafu. Barua yangu ataifikisha chuoni, wao wataamua kuhusu shahada yangu. Nafasi ya Mwanaidi hana uwezo wa kuirudisha. Anauliza kwa nini nimesubiri mpaka wengine waseme.
Ningesema mapema, Mwanaidi angekuwa wapi leo? Nimewaza hivyo kutwa nzima. Hakuna faida.

Ijumaa, 14 Machi
Nimempelekea makala, na nakala ya barua yangu kwa profesa. Hakunipa kiti. Sikustahili.
Barua kaikunja bila kuisoma, kaiweka mfukoni. Makala kaifungua palepale, kasimama, mgongo kwenye maboksi, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa tatu una picha ya seli, mng'ao ndani na nje ya kloroplasti. Kaitazama kwa muda mrefu.
"Ilikuwa hivihivi," akasema. Hakuwa akiniambia mimi.
Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Hawakumharakisha. Nikatoka taratibu, nisimkatize.