Ukuta wa Upande wa Tulizo

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Njombe hatujambo, ila baridi. Babu yako anakohoa, lakini anakula. Umeniuliza kwa nini doa la ukutani kwako Makambako linarudi kila ukipaka rangi.

Chumba chetu cha usichana kilikuwa na doa kama hilo, na mama alilipaka chokaa. Mdogo wangu Tulizo akamwambia, "Mama, huku chini ukuta unamomonyoka."

"Utakauka jua likitoka," mama akajibu.

Ukaanguka asubuhi moja, upande wa kitanda cha Tulizo, naye akiwa bado amelala. Tulipotoka kumzika, baba alichimba mfereji nyuma ya nyumba, na maji yakatoka mengi. Mama alisimama akiyatazama.

Zunguka nje uone maji yanaingilia wapi. Kitanda cha mtoto wako kisogeze mbali na ukuta huo leo hii.

Bibi yako